Bega la Mpiga Piano

Kazi yangu ilikuwa kukanda watu. Nilikanda wanawake waliojifungua walio bado ndani ya siku arobaini, nikakanda wachumaji waliotegua mabega juu ya mikarafuu, nikakanda na vikongwe vya Wete ambavyo havikuwa na maradhi yoyote isipokuwa hamu ya kuguswa na kusikilizwa. Kazi hiyo nilirithi kwa bibi yangu mzaa mama, pamoja na kibakuli chake cha mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Nilirithi na ulimi wake pia, na huo ndio watu waliouogopa.

Kwa hiyo siku mpishi wa daktari wa Kizungu alipokuja kupiga hodi kwetu, miaka michache kabla ya ile vita kubwa ya pili, akaniambia kuwa mke wa bwana wake anataka kukandwa mkono, nilimuuliza kama daktari ameishiwa na dawa. Akasema dawa zote zimekwisha kujaribiwa. Mkono wa kulia wa Bibi Daktari, ndivyo mji ulivyomwita, ulikuwa ukikaza kuanzia begani hadi vidoleni, na mwenyewe alikuwa mpiga piano.

Habari ya piano tulikuwa nayo. Iliposhushwa bandarini ilipandishwa kilima na mahamali wanane kwa mipiko, wakiimba na kutukana kwa zamu, na watu walisimama milangoni kuitazama. Mama yangu mdogo, aliyenilea na ambaye nilirudi kukaa naye baada ya kuachika, alidhani ni kabati. Alisema Wazungu wana makabati mazito kwa sababu wana siri nyingi, kisha akarudi ndani kukuna nazi.

Nilimkuta Bibi Daktari amekaa sebuleni, mrefu, mwembamba, mikono yake mikubwa kuliko ya mumewe. Piano ilikuwa ukutani, miguu yake imetiwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili siafu na mchwa wasipande. Kiswahili chake alikipata kwa mpishi, basi kilikuwa Kiswahili cha jikoni: lete, ondoa, chemsha, bado. Aliponieleza maumivu yake alisema mkono unachemka, kisha unaganda. Nilijizuia nisicheke, nikashindwa, naye akanitazama bila kuchukia. Hapo nikaanza kumpenda kidogo.

Niliushika ule mkono nikaupapasa mshipa kwa mshipa. Haukuwa na kitu. Ulikuwa mlaini, wenye nguvu, mkono wa mtu anayefanya kazi. Nikamwambia, "Bibi, mkono huu mzima." Akatikisa kichwa, akaenda kukaa kwenye piano, akaniashiria niweke viganja vyangu mabegani mwake, kisha akaanza kupiga.

Sijui nielezeje. Nilikuwa nimezoea ngoma, dufu, na taarabu ya harusini, lakini sikuwa nimewahi kumshika mtu wakati muziki ukimtoka. Uliingia viganjani mwangu kabla haujafika masikioni. Bega la kushoto likipanda na kushuka, la kulia likitulia, yote laini kama maji, mpaka akafika mahali fulani ambapo muziki uligeuka. Bega la kulia likawa gumu ghafla, na baada yake tu, vidole vikasimama. Akarudi mwanzo. Akafika palepale. Bega likawa gumu, vidole vikasimama. Mara ya tatu niliondoa mikono yangu, nikamwambia, "Mkono hauumwi. Unaogopa."

Hakufahamu neno. Ikabidi mpishi aitwe kutoka jikoni, mikono ina unga, amweleze. Bibi Daktari akavitazama vile vibao vyeupe na vyeusi. Halafu akaanza kuzungumza, mpishi akitafsiri pale alipoweza na kuruka pale aliposhindwa, na kidogo kidogo, siku ile na siku zilizofuata, nikayapata maisha yake.

Alifundishwa na mama yake tangu alipokuwa mtoto wa miaka mitano, katika mji wa baridi ambako walikuwa wakipasha mikono motoni kabla ya kugusa piano. Alipokuwa mwari alipelekwa kwa mwalimu mkubwa, mzee mkali aliyempigisha kipande kimoja cha muziki mwaka mzima. Kisha akaanza kupiga mbele ya watu. Alizunguka miji kwa treni, na gauni lake jeusi ndani ya sanduku, na kila mji ulikuwa na ukumbi, na kila ukumbi ulijaa. Alisema hakukuwa na furaha aliyoijua kama ile. Alisema hivyo bila kujivuna, namna mtu anavyotaja nyumba yao iliyobomoka.

Siku moja, katika ukumbi mkubwa kuliko zote za kwao, alikuwa akipiga kipande hiki hiki nilichokisikia. Akafika pale muziki unapogeuka, akasahau. Vidole vikakaa hewani. Ukumbi umejaa mpaka ghorofani na hakuna aliyekohoa. Akarudi mwanzo, akafika palepale, akasahau tena. Basi akasimama, akatoka, na tangu hapo hakupiga tena mbele ya mtu. Alipoolewa na daktari, na daktari akapangiwa Pemba, alifurahi, kwa sababu aliambiwa Pemba hakuna ukumbi.

Nilimuuliza jambo ambalo kwangu lilikuwa la kwanza kabisa kuuliza: "Na wale watu wote waliokaa pale, hapana hata mmoja aliyekufungulia?"

Hili naye hakulifahamu, na mpishi naye alishindwa, nikalieleza mwenyewe. Baba yangu marehemu alikuwa na chuo cha watoto barazani kwetu. Nilikua nikisikia juzuu zikisomwa kwa moyo asubuhi na jioni. Mtoto akikwama katikati ya aya, aliyekaa karibu naye humtajia neno linalofuata, basi, naye akaendelea. Msikitini ni hivyo hivyo, imamu akisahau walio nyuma yake humtajia. Kwenye maulidi ni hivyo hivyo. Tunasema wamemfungulia. Hapana aibu ndani yake wala hapana anayehadithia baadaye. Aibu ni kumwacha mtu amekwama na wewe unajua.

Bibi Daktari alisema kwao ukumbini ni mwiko kutoa sauti. Hata kikohozi watu hukimeza.

"Basi hao si watu wema," nikasema.

Mpishi hakutaka kutafsiri hilo, lakini Bibi Daktari alikuwa amekwisha kulielewa mwenyewe. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka.

Nikawa nakwenda kwake mara tatu kwa wiki baada ya adhuhuri. Nilimkanda shingo na mabega kwa mafuta ya karafuu, kisha akakaa kwenye piano nami nikasimama nyuma yake, mikono yangu juu yake, akapiga. Alinifundisha kunywa chai bila maziwa na mimi nikamfundisha neno shoga, tunavyoitana wanawake tulio marafiki. Akaniita shoga mbele ya mumewe, mbele ya mpishi, na siku moja sokoni mbele ya wauza dagaa wa Micheweni, wakaacha kuuza. Nilijifanya naona haya. Kwa kweli nilirudi nyumbani nikitembea polepole ili nipishane na watu wengi.

Kile kipande kilikuwa kirefu, kiasi cha kutia wali jikoni na kuuepua. Jina lake sikulijua na silijui hata leo. Lakini nilikihifadhi, kama nilivyohifadhi kila kitu maishani, kwa kusikia na kurudia. Nilikihifadhi na kwa viganja vilevile, kwa sababu bega lake lilinitangulia kuniambia kinachokuja. Nikitwanga kinu nyumbani nilikuwa nikikiimba puani tangu mwanzo hadi mwisho.

"Weye, nyimbo gani hizo hazina maneno?" mama mdogo akaniuliza. "Kama umesahau maneno, nyamaza."

"Hazina maneno tangu zilipozaliwa, mama."

"Basi hizo si nyimbo. Huko n'kuugua." Lakini hakuondoka pale kwenye kinu, alikaa akipepeta mchele wake na kusikiliza, akinisonya.

Kitu kimoja hakikubadilika. Pale pa kugeuka palibaki pagumu. Siku nyingine alipita, siku nyingine alikwama, na hata alipopita bega lilikuwa jiwe.

Karibu na mavuno ya karafuu nilifika nikalikuta bega gumu kabla hajakaa hata kwenye kiti. Nikamwambia, "Kuna jambo." Akakana. Nikabonyeza kidogo, akasema kuna barua. Wenye ule ukumbi, ule ule, walikuwa wamesikia kwamba daktari atakwenda likizo baada ya mavuno, wakamwandikia kumwomba apige kwao. Walitaka jibu kwa meli ya barua itakayofuata. Na wao hawakutaka kipande kingine, walitaka kile alichokiacha katikati.

"Nitaandika hapana," akasema. "Na piano nitaiacha hapa. Yatosha."

Nilikasirika. Mpaka leo sijui nilipata wapi haki ya kumkasirikia mke wa daktari katika nyumba yake, lakini nilikasirika hasa. Nilimwambia mimi nimesimama nyuma ya bega hili mvua nzima na jua zima, nikijua kilichomo ndani yake kuliko mumewe anavyojua, na kama anataka kulizika hai asinitake mimi nilitie mafuta ya maiti. Nikalia pia, jambo lililoniudhi zaidi.

Naye akalia. Tulipomaliza kulia nikampa shauri. Kabla hajaandika jibu, akipige chote mbele ya watu mara moja, hapa hapa, mbele ya wanawake wa mtaani kwetu. "Wao hawakijui," nikamwambia. "Ukikosea, nani atajua?"

Akafikiri siku mbili, akakubali. Tukawekeana ahadi: akifika mwisho, ataandika ndiyo, akikwama, ataandika hapana, na mimi sitasema neno tena. Na akaniomba kitu kimoja, niwaambie wanawake wakae kimya tangu anapokaa mpaka anaposimama, kama kwao. Nikamwahidi, na nikawaonya wote mmoja mmoja.

Walikuja baada ya sala ya alasiri, wapatao ishirini, mabuibui na viatu vimejaa barazani. Daktari alifukuzwa nyumbani kwake mwenyewe kwa sababu ya wageni. Mama mdogo alikuja pia. "Mie siendei kinanda," alisema njiani. "Nakwendea weye, n'kuangalie." Lakini alikuwa amevaa kanga mpya na ameleta mrashi na chetezo, maana hajapata kuona shughuli ya heshima isiyo na marashi na udi.

Hapo ndipo balaa la kwanza lilipotokea. Bibi Daktari alipokaa tu, mama mdogo alinyanyuka akamnyunyizia marashi mikononi, kama anavyonyunyiziwa mgeni yeyote, na kwa ukarimu wake akainyunyizia na piano. Vibao vyote vikalowa. Bibi Daktari akawa anavipangusa kimoja kimoja kwa leso, na kila akipangusa kikatoa sauti, na wanawake wakadhani ndiyo mwanzo, wakatulia wakasikiliza kwa adabu. Wakati huohuo chetezo kilikuwa kimeingizwa chini ya piano ili ipate moshi, kama nguo, na makopo ya mafuta ya taa yapo palepale miguuni. Mpishi alikuwa akichungulia kwa mlango wa jikoni. Alipita katikati ya wanawake bila hata kupiga hodi, akakinyakua chetezo, akatoka nacho mbio. Mama mdogo hakumsamehe mpaka alipokufa.

Halafu Bibi Daktari akaanza.

Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka pamoja na wenzangu, nyuma yake, mikono yangu mapajani haina pa kukaa. Kulikuwa na mmoja akinyonyesha, na mtoto akaacha kunyonya akageuza kichwa. Dirishani niliona kofia ya daktari ikipita, ikarudi, ikasimama. Muziki ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Nikaanza kuomba Mungu kwa moyo wangu wote, nikijua kila hatua tunayoikaribia.

Pale pa kugeuka nilipaona kabla ya kupasikia. Kitambaa cha gauni kilivutika begani. Vidole vikasimama.

Wanawake walidhani amemaliza. Mmoja akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Wakamsubiri asimame kama nilivyowaambia, naye hakusimama. Nilikuwa ninaiona shingo yake tu. Nilijua kilichokuwa kikimpitia, alikuwa amerudi ndani ya ule ukumbi, peke yake, na watu wote wamemeza vikohozi vyao. Na mimi nilikuwa nimetoa ahadi ya kukaa kimya.

Nikamfungulia.

Niliimba kile kinachofuata, kwa sauti ya chuoni, ya puani, kubwa, kwa maana chuoni hatukufundishwa kunong'ona. Hakutikisika. Nikaimba tena. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Ndipo nikasikia sauti nyingine ubavuni mwangu, kavu na yenye hasira, ikishika palepale nilipokuwa na kuendelea mbele bila kukosea. Alikuwa mama mdogo. Miezi yote ile kwenye kinu, kumbe naye alikuwa akihifadhi.

"Kasita tu, kwani nini?" akawaambia wengine. "Mfungulieni mwenzenu."

Wakaimba, wanaokijua na wasiokijua, wakifuata nyuma yetu kama watoto wa chuo. Bibi Daktari akainua mkono wa kulia. Akaupokea muziki kutoka vinywani mwetu, akapita pale pa kugeuka, akaenda, akaenda, na sisi tukanyamaza mmoja mmoja kadiri alivyotuacha nyuma, mpaka akabaki yeye peke yake na piano yake, na akafika mwisho.

Aliposimama uso wake ulikuwa umelowa. Vigelegele vilipigwa mpaka mahamali wa bandarini wakauliza nani anaolewa. Alinifuata akanikumbatia mbele ya watu, nami nikamwambia anisamehe, nimevunja ahadi. Mama mdogo ndiye aliyemkabili.

"Kwani kulia nini, mwanangu? Hata mashehe hukwama."

Jibu aliloandika lilikuwa ndiyo.

Waliondoka baada ya mavuno. Siku ya mwisho nilimkanda kwa muda mrefu kuliko kawaida, na nilipomaliza nikampa chupa ya mafuta yangu. Alikuwa ametulia, lakini bega lilikuwa na jambo. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Shoga, kule, nani atafungua?"

Nilitaka kumdanganya na nikaona siwezi kumdanganya mtu ninayemshika. Nikamwambia sijui. Nikamwona anashuka bandarini na kofia yake, nikarudi nyumbani, na nilikaa siku nyingi sina hamu ya kumkanda mtu. Nilimpenda yule mwanamke. Sikuwa nimempenda hivyo mume niliyeachana naye.

Daktari alipangiwa kwingine, hawakurudi tena. Piano ilipelekwa Unguja. Miezi ikapita, nikawa nimejiambia kwamba alikwama na anaona haya kuniandikia. Kisha barua ikaja, na mwalimu wa skuli akaja barazani kwetu kutusomea, akitafsiri, mama mdogo amekaa karibu yake kuhakikisha haruki neno.

Aliandika kwamba ukumbi ulijaa mpaka ghorofani kama zamani. Alipokaribia pale pa kugeuka bega lilianza kupanda. Akangoja, na hakuna aliyetoa sauti. Basi akajifungulia mwenyewe. Aliimba kinachofuata, hapohapo, mbele ya watu wote, kwa sauti yangu ya puani, kubwa, na mkono ukapita. Tangu siku hiyo amepiga kipande kile katika miji mingi, na kila mahali akifika pale huimba. Hawezi tena kupita bila ya kuimba, na hataki.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kipande cha gazeti. Mwalimu alikisoma mara mbili kabla ya kutuambia, kwa sababu aliona haya. Mwandishi alisema bibi huyu sasa anapiga vizuri kuliko alivyokuwa akipiga zamani, lakini ana tabia mpya mbaya. Mahali fulani hutoa sauti ya ajabu puani inayowakera wasikilizaji, na itafaa mtu amwambie aache.

"Puani n'kweli," akasema mama mdogo.

Kile kipande cha gazeti ninacho bado, nakiweka ndani ya kibakuli cha bibi yangu, ambacho hakitiwi mafuta tena kwa kuwa vidole vyangu vimechoka. Herufi za Kizungu sizijui. Nilimwomba mwalimu aupigie penseli ule mstari wa malalamiko, akaupigia. Mgeni akija hukitoa nikaweka kidole pale penye penseli, nikamwambia kwamba huyo wanayemlalamikia hapo ni mimi.